Nimevishwa pete stesheni Kigoma, baba anasema sijaposwa. Pete niirudishe?

BintiUjiji:

Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naombeni mawazo maana kichwa kinauma na nyumbani kila mtu ana lake.

Mimi ni binti wa Ujiji, miaka 26, nashona na kuuza vitenge pale Mwanga. Nina mchumba (sijui hata kama niseme mchumba, ndo swali lenyewe hilo) ni Mnyamwezi wa Tabora, kazi yake anakusanya asali huko Sikonge anauza mjini na nyingine anapakia inaenda Dar. Tulijuana nikiwa chuo Tabora, huu mwaka wa tatu. Sasa wiki mbili zilizopita akaniambia anakuja Kigoma na treni kumsalimia baba, mi nikafurahi, nikasuka, nikaenda kumpokea.

Treni mnaijua wenyewe, ya asubuhi ikafika saa nane mchana. Njaa inauma, nimekaa kivulini, watu wakaanza kushuka, kuna mama alikuwa na magunia ya karanga kayapanga njiani hakuna pa kupita. Mara namuona huyo anakuja, begi mgongoni, mkononi dumu la asali la lita tano, jasho linamtiririka. Nikamfuata nimpokee dumu. Akaliweka chini, nikajua anapumzisha mkono. Mara kashuka goti moja, nikajua kajikwaa kwenye gunia la yule mama, nikamshika bega nimuinue na pole juu nikampa. Kumbe mwenzangu katoa pete!

Makuli wakaacha mizigo wakatuzunguka, mmoja anapiga kelele "kubali dada kubali tuendelee na kazi". Nikakubali. Na sio kwa sababu ya makuli, nilikubali kwa moyo wangu wote na hata sasa hivi nakubali, hilo lisije likawa mjadala.

Kosa langu mimi ni baada ya hapo. Tukiwa kwenye bajaji tunaenda Ujiji nikamwambia ngoja niivue, baba asiione kabla hujaongea nae, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Yeye akafika, akamsalimia baba vizuri tu, akakabidhi asali, akala ugali na migebuka, akaongea habari za mvua za Tabora, AKAAGA AKAENDA GESTI. Neno la pete hakusema! Namuuliza kwenye simu anasema aliogopa, baba alikuwa anamuangalia juu ya miwani.

Kesho yake asubuhi mama anataka hela ya maandazi, mi nachambua dagaa mikono michafu, nikamwambia fungua hapo kwenye pindo kuna buku. Akafungua. Pete ikadondoka ikabiringika mpaka chini ya jiko la mkaa. Mama hakusema kitu, akachukua kijiti akaitoa, akaipuliza majivu, akaiangalia, ndo akaniuliza "hii nayo ni ya maandazi?"

Na kabla sijajibu shangazi anapiga simu kutoka Kasulu, kuna mtu alirekodi stesheni video imeshafika huko.

Baba ni mwalimu mstaafu. Hakugomba. Alisema hivi: "Aliyekuposa nani? Mshenga wake nani? Barua iko wapi? Kwangu yule kijana kaleta asali, maneno hajaleta." Halafu akasema mwanaume mzima kupiga goti stesheni kwenye magunia ya karanga ameona maajabu, na kwamba pete irudishwe, mambo yaanze upya kwa utaratibu. Mwenzangu nae nikimwambia irudi anasema pete ikirudi ni nuksi, na kwao itaonekana amekataliwa.

Kwahiyo hapa mimi nimechumbiwa au sijachumbiwa? Na hiyo pete niifanyeje? Kwa sasa kaishika mama.

Mgebuka_Mkavu:

Hahahaaa "ni ya maandazi?" mama yako apewe maua yake.

Dada tulia. Meli ya Liemba hapo bandarini Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa 1924, 1927 ikarudi kazini kubeba watu na dagaa. Sembuse uchumba wako wa wiki mbili ambao haujazama hata, umekwama tu kwenye mchanga.

Swali langu ni moja, ile asali baba kairudisha?

BintiUjiji:

@Mgebuka_Mkavu hajairudisha. Anaweka kijiko kwenye chai ya tangawizi kila asubuhi, halafu anasema hamtambui huyo kijana.

Mgebuka_Mkavu:

Bas hapo kuna mkwe. Kapokelewa kwa kijiko.

Mama_Mawese:

Mwanangu marhaba. Mimi ni mtu mzima niko Gungu, nimeoza mabinti watatu na wa nne yupo njiani inshallah, nikwambie ninavyojua.

Pete ya stesheni ni yenu nyie wawili. Hakuna mtu kasema ni dhambi, vijana wa siku hizi ndo sapraizi zenu, hata mwanangu wa pili alifanyiwa kule ufukweni Bangwe na maputo juu, mimi nilikuwa nachungulia kwenye simu nacheka. Lakini uchumba wa kwetu unaingia mlangoni unapiga hodi. Mwanaume anatafuta mshenga, mtu mzima mwenye ulimi wa kupimwa sio kila rafiki wa kijiweni, mshenga anakuja na barua kwenye bahasha safi na ndani ya bahasha kuna hela kidogo ya kufungulia, maana barua kavu haisomwi. Wazee wako wanaipokea, hawajibu siku hiyo hata kama wanakufa kwa furaha. Wanasema tumesikia, tutakaa. Halafu wanakuita WEWE wanakuuliza, huyu mtu unamjua, unamtaka? Ukishasema ndo wanajibu kwa barua, na kwenye majibu wanaandika mahari na mambo mengine, mkaja wa mama, kilemba cha baba, bibi na yeye akijisikia ana lake la kuomba.

Sasa umeona kilichomuuma baba yako? Sio pete wala goti. Kilichomuuma ni kwamba kijana alikaa kwenye mkeka wake, akala ugali wake, na pete ilikuwa ndani ya nyumba imefungwa kwenye kanga, wote wawili mnajua yeye hajui. Kamfanya mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Na hilo mama umelifanya wewe pia, usimwachie mwenzio peke yake.

Na jambo lingine sisi waislamu mahari ni yako wewe, sio ya baba wala ya mjomba. Kwahiyo anza kufikiria utataja nini, usije ukaulizwa ukaanza kung'atang'ata ukucha ukasema chochote tu, halafu baadae unanuna.

Pete usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie mama aitunze. Ikirudi kwa mkono wako ni umekataa, ikikaa kwa mama ni amana.

Simba_wa_Mwandiga:

Na nyie mnakuza mambo. Dada una miaka 26, una cherehani yako, umekubali mbele ya watu. Hiyo barua ni karatasi. Nendeni bomani mkafunge ndoa, wazee watakuja kula pilau.

Karani_Mstaafu:

@Simba_wa_Mwandiga bomani nako hauendi tu kama unaenda kununua vocha. Nimekaa na mafaili ya mahakama miaka mingi (sio wakili, nilikuwa karani) kwahiyo naongea nilichokiona. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mtoe taarifa siku 21 kabla, itangazwe, mwenye pingamizi alete. Huyo mwalimu mstaafu unadhani siku 21 atakuwa amelala?

Ila kwa swali la dada, sheria hiyohiyo inasema ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haikulipwa au mila za zawadi hazikufuatwa, kwahiyo kisheria mahari haifungi wala haifungui ndoa. Na ahadi ya kuoana inatambulika. Mtu akiahidi halafu akavunja, aliyeumizwa anaweza kwenda mahakamani kudai fidia. Na zawadi iliyotolewa kwa masharti ya ndoa, ndoa isipofungwa mtoaji anaweza kuidai irudi. Nimeona kesi ya kabati, nimeona ya pikipiki, pete sijawahi kuiona maana wengi huwa wanaitupa ziwani kwa hasira kabla hawajafika kwetu.

Kwahiyo dada ukiuliza sheria, ulivyosema ndiyo pale stesheni mmeahidiana, na mashahidi ni makuli wote wa reli. Ukimuuliza baba, bado. Wote wawili wako sawa, ndo shida yake.

Kijana_wa_Isevya:

Huu uzi umeniita jina. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na nimeoa Ujiji, kwahiyo shemeji yangu mtarajiwa namuelewa mpaka kwenye mifupa.

Mimi sikufanyia stesheni, nilijifanya msomi. Nikampeleka binti pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, si mnajua ile miembe, wanasema imetokana na ule mwembe wa zamani ambao Stanley alimkuta mzee wa watu mwaka 1871. Hesabu yangu ilikuwa kwamba Stanley nae alitokea upande wetu wa Tabora, kakaa Kwihara miezi kabla ya kuja huku, kwahiyo na mimi nimetembea njia ileile kuja kutafuta mtu wangu Ujiji. Nilikuwa nimeikariri hotuba yote hiyo. Sasa yule mzee anayetembeza wageni akaanza kutoa maelezo na hamalizi, misafara, pembe, watumwa, homa, mi pete iko mfukoni inaniunguza paja. Mwishoni nikaona haishi, nikapiga goti katikati ya maelezo. Mzee akanyamaza. Binti akaniangalia, akaangalia suruali yangu, akasema "inuka, umechafuka magoti". Hakusema ndiyo hakusema hapana! Nikainuka. Njiani tunarudi ndo akaniambia sijakusikia ulichosema pale, mwambie mjomba wako aje akiseme kwetu, yeye nitamsikia.

Nilirudi Tabora nimenuna, zaidi ya kilomita mia nne kwenye behewa, Uvinza sikununua hata chumvi. Baadae nikamwambia mjomba. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, akasema wewe ulitaka kuvua samaki kwa kupiga picha.

Akaenda na mzee mwenzake, wakabeba matobolwa (viazi vitamu vikavu), karanga na asali. Kufika kwa wakwe, mjomba kwa kujiamini anasalimia "mwangaluka", wenyeji wanajibu "mwakeye", kila mmoja anapiga makofi na kuinama kwa namna ya kwao, ilichukua dakika kumi watu wanainamiana tu. Hodi ya kwanza hawakujibiwa. Ya pili wakaambiwa wenyewe wapo shamba, na wako hapohapo ndani wanasikika wanakohoa. Ya tatu ndo mkeka ukatandikwa. Halafu mjomba akakosea akataja jina la binti kabla hajaruhusiwa kutaja, faini elfu kumi. Akakaa kabla ya kuambiwa akae, faini nyingine. Aliniambia mwanangu mahari ya kwao nafuu, faini ndo zitakufilisi.

Ila mwisho wa yote walipomuita binti wakamuuliza hawa wageni unawajua, akasema "nawajua, wamechelewa". Mimi sikuwepo nilikuwa gesti nazunguka kitanda, nimehadithiwa. Lakini hilo neno ndo nalichukulia kama ndiyo yangu, lile la chini ya mwembe nimelisamehe.

Kwahiyo shemeji mwambie jamaa atafute mjomba. Sio rafiki, MJOMBA. Na aandae hela ya faini.

Shosti_Katubuka:

Kijana_wa_Isevya nimecheka bajajini mpaka dereva kageuka 😂😂 "wamechelewa"!!

Ila mi niseme la kike. Shosti huyo mwanaume anaogopa baba yako akimuangalia juu ya miwani, akija kwenye mambo ya ndoa yenyewe ataongea? Goti la stesheni ni rahisi, watu wa stesheni hakuna anayemjua. Kupiga moyo konde mbele ya baba yako ndo goti lenyewe. Mi ningemuangalia hapo kwanza.

BintiUjiji:

@Shosti_Katubuka umenigusa na nimemwambia hivyohivyo. Amesema kwao mkwe hazungumzwi nae uso kwa uso na muoaji mwenyewe, lazima mtu wa kati, ndo maana alikaa kimya. Nikamwambia sasa kama unajua lazima mtu wa kati, mbona stesheni ulikuja peke yako na pete? Hakunijibu siku nzima. Halafu usiku akatuma "umenishinda". Bas.

@Mama_Mawese asante sana mama, hilo la kumfanya baba mgeni kwake limenichoma kwelikweli. Nilienda nikamwambia baba naomba radhi kwa ile ya kwenye kanga. Akasema "nimekusikia", akaendelea na redio. Kwa baba yangu hiyo ni hotuba ndefu.

Simba_wa_Mwandiga:

Haya mi nimenyamaza. Ila pilau nitakuja.

BintiUjiji:

Wadau naleta apdeti, imepita kama wiki mbili na nusu.

Jamaa katafuta mjomba wake, mzee wa heshima zake wa Urambo, akaja na mwenzake juzi kwa treni. Hodi wakapiga, mkeka ukatandikwa, faini walilipa moja tu (walivuka kizingiti na viatu). Bahasha ikatolewa, ya kufungulia ipo ndani, kila kitu kwa utaratibu. Baba mdogo akaisoma kwa sauti, sisi wanawake tuko uani tumebana masikio kwenye ukuta.

Sasa kumbe mwenzangu barua hakuandika mwenyewe, kaitoa mtandaoni. Kabadilisha majina, kabadilisha tarehe, vizuri tu, ila aya ya tatu kaisahau. Baba mdogo anasoma "kwa hiyo tunaleta ombi letu katika familia yenu tukufu ya Machame". Kimya. Anarudia, "ya Machame". Mjomba wa Urambo akatoa leso akajifuta uso. Shangazi kule uani akaanguka kwa kicheko, tukamziba mdomo na kanga.

Baba akaomba hiyo barua. Akaingia ndani. Tukajua bas, kila kitu kimeisha, mi machozi yashaanza. Akakaa huko kama robo saa, akatoka na ile barua na kalamu nyekundu mkononi.

AMEISAHIHISHA.

Naapa. Palipoandikwa "tahadhima" kakata h kaweka "taadhima". Palipoandikwa "tumeona ua zuri katika bustani yenu" pembeni kaandika "Ua gani? Taja jina." Machame kaizungushia duara mara mbili. Chini kabisa kaandika 11/20 na neno "Rudia", akaweka sahihi yake ileile aliyokuwa anaweka kwenye madaftari. Akaikunja vizuri, akairudisha kwenye bahasha, akampa mjomba, akasema wageni msiondoke bila kula. Wakala migebuka. Wakapewa na mawese chupa mbili waende nayo, na mama anasema ukiona mgeni anapewa mawese hajafukuzwa.

Baada ya hapo baba akaniita, mara ya kwanza kaniuliza, "huyu wa asali, unamtaka?" Nikasema ndiyo baba. Akasema "haya, muandiko wake wa mkono uko vipi?" Nikasema mbaya. Akasema "ataandika hivyohivyo kwa mkono, nataka kuuona."

Pete iko kwenye kopo la chumvi la mama, ya Uvinza ile ya mawe, kaizika chini kabisa, anasema huko hakuna mwizi wala kutu. Na mahari nimeshawaza, nataka cherehani ya ovaloki. Dumu la asali limebaki robo na baba kashaanza kuuliza treni ya Tabora inaingia siku gani.

Mgebuka_Mkavu:

11/20 ni zaidi ya nusu hiyo, mimi darasa la saba nilishangilia chini ya hapo.

Mama_Mawese:

Mwanangu nimecheka na nimelia. Ovaloki ni chaguo zuri, ila taja na meza yake, usipotaja italetwa mashine tupu uiweke kwenye ndoo.

Karani_Mstaafu:

Hiyo barua yenye kalamu nyekundu itunzwe. Huo ni ushahidi wa maandishi kwamba ombi lilipokelewa.

Kijana_wa_Isevya:

Shemeji mwambie jamaa anitafute. Ile ya kwangu bado ninayo, iliandikwa kwa mkono na ilipita mara ya kwanza. Ila akiinakili atoe jina la mke wangu.